Paka wa mnara wa taa na ndege aliyeletwa mlangoni

Bumu bado halijatoka, tunaishi kwa chai na maandazi, lakini tunaishi. Leo nataka kuongelea paka.

Hapa geto tunao wawili. Hatukuwanunua wala hatukuwaita, walifuata vichwa vya dagaa wakanogewa, na si mnajua tena, paka wa nyumba haingwa. Karibu kila wiki kuna kitu mlangoni asubuhi: panya, mjusi, siku nyingine shomoro kabakia mabawa. Jamaa ninayekaa naye analalamika, anashika ufagio. Mimi huwa nainama kwanza nione ni mnyama gani. Kisa ni bwana mmoja wa zamani anaitwa David Lyall, ambaye naye aliletewa vitu na paka, na vitu vyenyewe vikaingia kwenye historia.

Twende New Zealand. Kati ya visiwa vikubwa viwili vya nchi ile kuna kisiwa kidogo kinaitwa Stephens, Wamaori wanakiita Takapourewa. Ni kidogo kweli, kama kilomita moja na nusu za mraba tu. Serikali ilijenga mnara wa taa pale wa kuongoza meli, ukawashwa Januari 1894. Wakaja watunza taa na familia zao, mizigo yao, na paka. Hilo la paka lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Binadamu na paka wametoka mbali: kule Cyprus wachimbaji walikuta kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita, mtu kazikwa na paka pembeni yake. Tangu watu waanze kuweka nafaka ghalani panya walifuata, na paka akafuata panya. Melini pia ilikuwa hivyohivyo.

Sasa hapa ndipo penye utamu, au uchungu. Kisiwa cha Stephens hakikuwa na panya! Ndiyo maana kilikuwa na ndege ambao kwingine walishakwisha. Mifupa iliyochimbuliwa inaonyesha kwamba ndege ninayemzungumzia aliwahi kuenea visiwa vikubwa vyote viwili, halafu panya waliofika na mitumbwi ya mababu wa Wamaori, karne ya 13, wakamla huko mpaka akaisha. Akabaki Stephens peke yake. Paka alipofika, windo lililokuwepo lilikuwa lile ambalo panya hakulifikia.

Mwaka huohuo wa 1894 paka alianza kuleta nyumbani vindege vidogo vya rangi ya kahawia, vyenye mkia mfupi. Lyall, aliyekuwa mtunza taa msaidizi, hakuwatupa jalalani. Alikuwa mpenzi wa viumbe, akaona hawa siwajui. Akawatunza. Mmoja akapelekwa na injinia wa meli ya serikali iliyoitwa Hinemoa hadi kwa Walter Buller, bingwa wa ndege wa New Zealand enzi hizo. Buller akajua mara moja kuwa ni aina mpya, akaanza kuandaa maelezo yake.

Lakini kulikuwa na mjanja mwingine. Henry Travers, mfanyabiashara wa viumbe waliokaushwa, alipata ndege kutoka kwa Lyall akawauza tisa kwa Walter Rothschild, tajiri wa Uingereza aliyekuwa na makumbusho yake binafsi. Rothschild hakuchelewa. Desemba 1894 akamtangaza ndege kwa jina la Traversia lyalli, Buller akabaki na hasira zake na makala iliyotoka 1895, imechelewa. Wakati mabwana wakubwa wanagombea nani ampe jina, kule kisiwani ndege anaisha. Machi 1895 gazeti la The Press la Christchurch lilishaandika kwamba inaelekea hayupo tena.

Lyall mwenyewe alimwona akiwa hai mara mbili tu, jioni, akikimbia kwenye mawe kama panya. Hakuruka. Hakuwa na uwezo wa kuruka. Karibu kila kinachojulikana kuhusu ndege huyu kimetoka kwenye mdomo wa paka.

Sasa sisi tunaosomea ualimu wa historia tusikilize hapa. Hadithi inayopendwa ni kwamba paka mmoja, jina lake Tibbles, alimaliza aina nzima ya ndege peke yake. Ni tamu, mwanafunzi wa kidato cha pili hatasinzia. Rothschild naye alichangia kueneza habari za paka mmoja. Mwaka 2004 Ross Galbreath na Derek Brown walirudi kwenye barua na kumbukumbu za wakati ule, wakachapisha matokeo kwenye jarida la Notornis. Hakukuwa na paka mmoja. Paka walizaana, wakawa wa mwituni, wakatapakaa kisiwa kizima. Kufikia 1899 mtunza taa mmoja aliripoti kuwa amepiga risasi zaidi ya 100. Hiyo ni kazi ya jeshi, siyo ya Tibbles.

Mimi naona paka mmoja mwenye jina anawafaa watu wengi. Ukisema "ni Tibbles", humuulizi aliyeamua kupeleka paka kisiwa kisicho na panya. Humuulizi Travers aliyekuwa anatafuta mizoga zaidi ya kuuza. Wala huulizi kuhusu msitu uliofyekwa kupata malisho ya mifugo ya watunza taa. Paka alifanya kile anachofanya wa hapa geto: anakamata, anabeba hadi anapojisikia salama. Waliobaki walikuwa na kalamu.

Paka wa mwisho kisiwani aliondolewa 1925, miaka thelathini ndege keshakwisha. Tuatara, yule mnyama wa kale anayefanana na mjusi, alinusurika na mpaka leo wako pale kwa maelfu. Ndege wa Lyall amebaki ngozi zisizofika ishirini kwenye droo za makumbusho, nyingi zikiwa zimepitia meno ya paka kabla ya kufika kwa mabwana. Jina lake la kisayansi limewabeba Travers na Lyall.

Haya, saa nane kuna semina na sijasoma hata ukurasa. Kesho mungu akipenda.