Barua ya Kairo Iliyofika Mpaka Sosiani

Kabla hujatupa hiyo chupa ya soda pale darajani Sosiani, hebu nikuambie maji hayo yanaenda wapi.

Mimi ni wa Kimumu, na miaka yote nimeona Sosiani ni kama mtaro mkubwa wa tao tu. Kumbe jina Eldoret lenyewe limetoka kwa huo mto: eldore, neno la Kimaasai, yaani mto wa mawe. Shuka ukingoni uone kama walidanganya.

Unaanzia nyanda za juu kule Kaptagat, unakata mji, unaingia Kipkaren, na Kipkaren inaingia Nzoia. Nzoia inateremka Webuye, Mumias, hadi Budalang'i, ambako watu wamezoea kuhamishwa na mafuriko. Hapo ni Ziwa Victoria. Maji yanatokea tena Jinja, na sasa yanaitwa Nile: Sudan Kusini, Khartoum, Misri, mpaka Bahari ya Mediterania. Ndiyo, chupa yako iko kwa safari ya Misri.

Sasa kisa chenyewe. Tarehe 7 Mei 1929, huko Kairo, mwakilishi wa Uingereza, Lord Lloyd, na waziri mkuu wa Misri, Mohamed Mahmoud, walibadilishana barua. Walikubaliana kwamba bila idhini ya Misri, nchi zilizotawaliwa na Waingereza zisijenge kitu chochote kwenye Nile, matawi yake au maziwa yake, kama kitapunguza maji ya Misri. Kenya ilikuwa koloni, kwa hivyo na sisi tulikuwa ndani. Mzee aliyekuwa akinywesha ng'ombe wake Sosiani asubuhi hiyo hakuulizwa na mtu.

1959 Misri na Sudan wakagawana mto kabisa: mita za ujazo bilioni 55.5 kwa Misri, bilioni 18.5 kwa Sudan. Ethiopia, inayotoa maji mengi kuliko wote, sufuri. Sisi pia sufuri.

Mwalimu Nyerere alikataa mapema. 1962 serikali ya Tanganyika ilisema haifungwi na barua za 1929. Kenya ilisaini mkataba mpya, ule wa Entebbe, Mei 2010. Misri na Sudan waligoma.

Hiyo barua inaniuma, sikufichi. Lakini takataka za pale darajani si Lord Lloyd alimwaga. Kesho nikishuka tao nitapiga picha hapo chini. Kama uko Budalang'i, nitumie yako, tuone maji yetu yakifika huko yana rangi gani.