Ukimya wa Angani na Siasa za Visiwani: Pemba katika Historia ya Kituo cha Tunguu, 1960–1964

Historia ya safari za kwanza za binadamu angani huitaja Zanzibar kama nukta katika ramani ya vituo vya kufuatilia vyombo. Historia ya siasa za Zanzibar, kwa upande wake, hukitaja kituo hicho kama tukio dogo la Vita Baridi. Katika masimulizi yote mawili, Pemba haionekani. Insha hii inajenga hoja kwamba siasa za kituo cha Tunguu, Unguja, haziwezi kueleweka kikamilifu pasipo kuzingatia kura za Pemba.

Kituo hicho kilitokana na makubaliano ya Uingereza na Marekani ya Oktoba 1960, wakati Zanzibar ikiwa bado chini ya ulinzi wa Waingereza. Katika msururu wa vituo vya Mradi wa Mercury, kilifuata baada ya Kano, Nigeria, na kutangulia meli iliyokuwa Bahari ya Hindi. Kazi yake ilikuwa kupokea vipimo vya chombo na vya mwili wa mwanaanga, na kuzungumza naye kwa dakika chache alizokuwa juu ya upeo.

Ni muhimu kutofautisha aina mbili za ukimya wa redio. Ya kwanza husababishwa na umbo la dunia: chombo kikishuka chini ya upeo wa kituo, mawasiliano hukatika hadi kituo kinachofuata kikipate. Ukimya huu uliweza kupunguzwa kwa kuongeza vituo, na hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa Tunguu. Ya pili hutokea chombo kinaporejea katika angahewa. Hewa iliyo mbele yake hugandamizwa na kupata joto kali hata ikageuka plazima, yaani gesi yenye chaji za umeme, inayokizingira chombo na kuzuia mawimbi ya redio. Kwa teknolojia ya wakati huo, kuongeza vituo hakukuweza kuondoa ukimya huo.

Safari ya John Glenn ya tarehe 20 Februari 1962 inadhihirisha tofauti hiyo. Katika mzunguko wa pili, ishara ilionyesha kwamba huenda ngao ya joto ya chombo chake imelegea. Aliporejea upande wa Atlantiki, mbali na upeo wa Tunguu, mawasiliano yalikatika kwa zaidi ya dakika 4, na waliokuwa ardhini hawakuweza kujua kama yu hai. Baadaye ilibainika kwamba ishara hiyo ilitokana na hitilafu ya swichi.

Visiwani, hofu ilikuwa ya namna nyingine. Wapinzani wa kituo, hususan ndani ya chama cha ZNP, walikiona kuwa kituo cha roketi kitakachoiingiza nchi katika ugomvi wa mataifa makubwa. Hata hivyo, katika uchaguzi wa Juni 1961 ZNP na ASP zilipata viti 10 kila kimoja. Viti 3 vya ZPPP, chama chenye ngome yake Pemba, ndivyo vilivyoiwezesha ZNP kuingia serikalini, huku Mohamed Shamte wa ZPPP akiwa Waziri Kiongozi. Kituo kiliendelea kufanya kazi. Angalizo hapa ni kwamba kura hizo zilileta madaraka ya ndani tu. Mambo ya nje yalibaki mikononi mwa Waingereza hadi uhuru wa Desemba 1963. Kwa hiyo, kuendelea kwa kituo hakuwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa ridhaa ya wapiga kura.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali ya Karume iliagiza kituo kiondolewe, agizo lililotolewa Aprili mwaka huo. Ukimya uliofuata Tunguu ulitokana na uamuzi wa kisiasa. Ukimya wa Pemba katika historia hii nao unatokana na uteuzi wa watafiti, waliofuata mahali zilipokuwa antena badala ya mahali zilipoamuliwa serikali. Ukimya huu wa mwisho ungali unaweza kurekebishwa, kwa kuisoma historia ya kituo sambamba na ile ya majimbo ya Pemba.