Mpenda amani aliyeitakia Afrika bomu

Mkazi wa Busia aliyevuka miaka hamsini hana haja ya kusimuliwa Desemba 1987. Polisi wa Kenya na wanajeshi wa Uganda walifyatuliana risasi mpakani, malori yakakwama, na jamaa waliozoea kuvuka kwenda matangani wakabaki kila mmoja kwao. Kabla mwaka haujaisha Marais Moi na Museveni wakakutana Malaba, mambo yakatulia.

Kama kuna mtu aliyekuwa ameuandikia ugomvi wa aina hiyo dawa mapema, ni Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa Mombasa mwaka 1933, jina akalijengea Kampala, kwa hiyo pande zote mbili zilizokuwa zikirushiana risasi zilikuwa kwao. Mwaka 1967, akiwa Makerere, alichapisha kitabu Towards a Pax Africana. Hoja yake: Waafrika wasipojilindia amani wenyewe, watalindiwa na wageni, na mgeni haji bure. Mfano ulikuwa mlangoni. Januari 1964 wanajeshi waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, na walioitwa kuwatuliza, hata kambini Jinja, ni Waingereza wale wale ambao bendera yao ilikuwa imeshushwa juzi tu.

Safari yake ya elimu inajulikana: alama hafifu za sekondari, kisha Manchester, Columbia na Oxford, kisha uprofesa Makerere akiwa bado kijana. Mwaka 1973, Uganda ya Rais Idi Amin ilipozidi kuwa ngumu, akaondoka kwenda Marekani.

Kabla ya hapo alikuwa ameandika riwaya moja tu, The Trial of Christopher Okigbo, iliyotoka 1971. Okigbo, mshairi wa Nigeria, aliuawa mwaka 1967 akipigania Biafra, eneo lililotaka kujitenga. Mazrui anamfikisha mahakamani ahera, ashtakiwe kwa kuitupa kalamu na kushika bunduki kwa ajili ya kabila lake. Mtetezi wake ni Mkenya, Hamisi. Ni kitabu chenye hotuba nyingi kuliko matukio, lakini swali lake linachoma.

Redio ndiyo iliyomzulia balaa. Mwaka 1979 ulikuwa wa vita huku kwetu: mwezi Machi waasi waliotokea Kenya waliishambulia Tororo, Uganda, wakapigwa na majeshi ya Amin, na mwezi uliofuata Amin mwenyewe akakimbia. Mwishoni mwa mwaka huo huo BBC ilimpa Mazrui Mihadhara ya Reith, vipindi sita vya kuieleza hali ya Afrika. Vitano vilisikilizwa kwa heshima. Katika cha sita, kilichohusu amani, akasema Afrika ijipatie silaha za nyuklia.

Watu walishtuka. Huyu si ndiye aliyemshtaki mshairi kwa kwenda vitani? Mazrui alikuwa na hesabu yake. Mataifa makubwa, alidai, hayatateketeza mabomu yao kwa kuombwa. Yataingiwa na hofu ya kweli siku watu weusi na nchi maskini watakapokuwa nayo, ndipo yakubali dunia nzima iyaache. Aliitazamia Nigeria, Zaire, na Afrika Kusini ambayo Waafrika wangeirithi pamoja na bomu la makaburu. Habari za bomu hilo zilikuwa moto: Septemba 22 mwaka huo huo setilaiti ya Marekani ilikuwa imenasa mmweko kwenye bahari ya kusini, na wengi wakaishuku Pretoria.

Waliompinga walikuwa na sababu. Bara lililokuwa likiona majeshi yakipindua serikali kila mwaka lilihitaji kweli kuongezewa silaha hiyo? Na historia ilimkatalia: mwaka 1993 Rais de Klerk alitangaza kwamba Afrika Kusini ilikuwa imeyaunda mabomu sita na kuyavunja, kabla Mandela hajaingia Ikulu. Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini 1996, ukaipiga marufuku silaha hiyo barani kote. Lakini sehemu ya pili ya hesabu yake haijajibiwa. Wakubwa bado wanayo.

Baadaye kulikuja mfululizo wake The Africans kwenye televisheni mwaka 1986, ugomvi na mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka, ukuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, na saa kadhaa za kuhojiwa uwanja wa ndege wa Miami mwaka 2003. Alifariki Oktoba 12, 2014, akazikwa Mombasa.

Siku hizi maofisa wa Kenya na Uganda wanafanya kazi chini ya paa moja hapo Busia. Jina la Mazrui, ambaye ushirikiano huo ungemfurahisha, halitajwi. Jioni redio za huku zinajaa soka na matusi ya wanasiasa, ilhali mihadhara yake imo bure katika hifadhi ya BBC mtandaoni. Mtangazaji mmoja mwenye subira angeweza kuieleza kwa Kiswahili, wiki kwa wiki. Aanze na ule wa sita, kisha afungue simu, madereva wa malori wamalizane naye.