Kombi Kwenye Mfereji: Gari Refu Lilivyoingia Mbioni

Aprili 23, 1947, Ben Pon, mfanyabiashara wa Uholanzi aliyetaka kuuza magari ya Volkswagen nchini kwao, alichora kwenye daftari lake sanduku lenye magurudumu: dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa, mzigo katikati. Wazo alilipata kiwandani Wolfsburg, Ujerumani, baada ya kuona vigari bapa vya kubebea vipuri ambavyo wafanyakazi walijiundia kutokana na Beetle. Mwaka huohuo, Uingereza, Fred Francis alianzisha kampuni ya vitu vya kuchezea iliyoitwa Minimodels. Mchoro wa Pon ukawa kombi. Kampuni ya Francis ikazaa Scalextric. Leo kazi za watu hao wawili hukutana kwenye meza za mafundi wanaojiundia kombi ndogo za mbio.

Francis alianza na bati. Mwaka 1952 alitoa vigari vya Scalex vyenye gurudumu la tano lililofichwa tumboni: mtoto anakirudisha kigari nyuma, springi inajikaza, anakiachia kinachomoka. Vilipendwa sana, kisha soko likapoa. Mwaka 1957, kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate, akaja na Scalextric, vigari vilivyotiwa mota ya umeme, Maserati 250F na Ferrari 375 vikiwa vya kwanza. Barabara yake ya mpira ilikuwa na mifereji miembamba yenye ukanda wa chuma kila upande. Kigari kinashika mfereji, kinanyonya umeme kwenye kanda hizo, na mchezaji anautawala moto kwa kitufe. Usukani hakuna. Ukiingia kwenye kona na moto mwingi, kigari kinachomoka mferejini na kubingirika hadi sakafuni.

Oda zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa kiwanda, na mwaka 1958 Francis akaiuza kampuni kwa Lines Bros, watengenezaji wengine wa vitu vya kuchezea. Miaka ya 1960 homa ya vigari vya mferejini iliivamia Marekani, kukafunguliwa kumbi za kulipia zenye barabara ndefu za mbao. Huko ndiko ufundi wa kujiundia ulikopamba moto. Vijana walilehemu chasisi zao kwa bamba za shaba na waya mgumu, wakaona kwamba uzito ukikaa chini, karibu na barabara, kigari kinapita kona ambayo kingine kinapinduka. Mwisho wa muongo huo kumbi nyingi zilikuwa zimefungwa. Ujuzi haukufungwa nazo.

Kombi ndiyo kipimo kikali kuliko vyote cha ujuzi huo, na hesabu yenyewe inaeleza. Vigari vya Scalextric hupunguzwa mara 32. Ford GT40, gari la mbio lililoinuka takriban mita moja tu, linakuwa na kimo cha milimita 32 na upana wa milimita 55 au 56. Kombi ya kwanza, yenye urefu wa mita 4.28, inakuwa na milimita 134. Upana wake milimita 54, kimo chake milimita 60 hivi. Kimo kimepita upana! Gari la namna hiyo linatafuta pa kuangukia.

Volkswagen wenyewe walionja tabu ya sanduku. Gari la majaribio la mwaka 1949 liliwekwa juu ya sakafu ya Beetle, na sakafu ikashindwa kuhimili. Ikabidi wasuke chasisi mpya ya kombi yenyewe. Uso wake bapa nao ulipambana na upepo, mpaka ulipoviringwa kwa vipimo vya chuo cha ufundi cha Braunschweig. Uzalishaji ulianza Machi 8, 1950, kwa injini ya nguvu farasi 25. Ford, kwa upande wao, walikwepa tabu hiyo kwa njia ambayo kila fundi wa vigari angeitambua: mwaka 1971 waliivisha mitambo ya GT40 bodi ya Transit, wakaliita gari hilo Supervan na kulionyesha kwenye uwanja wa mbio wa Brands Hatch.

Fundi wa kombi ndogo hufanya vivyo hivyo. Chasisi yake ni bapa na nzito, mota imelazwa karibu na ekseli ya nyuma, vipande vya risasi vimegandishwa pembeni, na pini inayoshika mfereji imesogezwa mbele kadiri pua inavyoruhusu. Kisha anahangaika na bodi. Paa husuguliwa kwa msasa kutoka ndani, mara kwa mara likiinuliwa mbele ya taa: panapoanza kupenya mwanga, plastiki imekonda vya kutosha, asuguapo zaidi itatoboka. Dereva hukatwa kiunoni. Skrubu za bodi hulegezwa kidogo ili mtikisiko wa chasisi usifike wote juu.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 Scalextric huweka sumaku chini ya vigari ili ving'ang'anie kanda za chuma. Mafundi wengi wa kombi ndogo huing'oa, kwa kuwa sumaku huficha kasoro za uzito, na kuipenda kazi hii ni kutaka kuziona.

Kombi za kiwandani zilizo tayari kwa mfereji zipo. Ila anayetaka Samba, ile ya madirisha 23 waliyoifurahia watalii wa Ulaya, mara nyingi huikata mwenyewe. Madirisha yake manane madogo yako kwenye kingo za paa. Kila kioo huchongwa kwa plastiki nyembamba kuliko yote aliyonayo fundi, maana kule juu ndiko gramu moja inakoweza kuiangusha kombi.