Kabla ya Tepu Nyeusi

Wadau, leo tuzungumzie kitu kilichofichwa darini katika nyumba nyingi za mjini na hakuna anayekitazama: pale waya mbili zinapoungwa. Waya hutoka kiwandani na ganda lake. Fundi akiimenya ili aiunge, ni juu yake kulirudisha hilo ganda. Nimejikuta nikifuatilia historia ya ganda hilo, na kumbe ni safari ndefu!

Ilianza na utomvu. Mwaka 1843 sampuli za gutapacha, utomvu wa miti ya Malaya, zilipelekwa London. Kwenye maji ya moto unalainika, ukipoa unakuwa mgumu. Mwaka 1847 Werner Siemens wa Ujerumani akautumia kuvika waya za telegrafu. Mwaka 1851 mkongo wa baharini uliovikwa utomvu huo ukaunganisha Uingereza na Ufaransa, na mwaka 1879 mwingine ukafika Zanzibar kutoka Aden. Gharama waliilipa misitu ya Malaya na Borneo, maana miti iliangushwa ovyo ili ikamuliwe.

Umeme ulipoingia majumbani, mafundi wa Ulaya na Marekani walisokota waya, wakazilehemu, kisha wakazungushia tepu ya kitambaa chenye mpira. Miaka ikipita, tepu hiyo hukauka na kupasuka. Mwaka 1914 William Marr wa Canada akabuni kiunganishi cha kubana waya bila kulehemu. Mwaka 1946 kampuni ya 3M ya Marekani ikaja na tepu ya plastiki inayovutika, mama wa hii nyeusi tuliyonayo.

Siku hizi ipo hata tepu ya maji. Unaipaka kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na ikikauka inakuwa kama mpira. Inafaa penye kona na unyevu, ila ikiwa mbichi mvuke wake unawaka moto. Ni kama tumerudi kwenye utomvu!

Lakini kuna jambo moja halijabadilika tangu enzi za gutapacha. Ganda huzuia umeme usitoke nje, halikazi waya. Kiungo kilicholegea hupata joto hata kikipakwa tabaka kumi, na hapo ndipo nyumba huungua usiku watu wamelala. Tena ganda zuri ndilo linaloficha kazi mbovu.

Kwa hiyo fundi akija kwako, mwambie akuonyeshe kiungo kabla hajakivika. Akinuna, mwache anune.

Alamsiki.