Fundi Cherehani wa Winnipeg na Haki ya Jimbo Kuchagua Mgeni Wake

Katikati ya miaka ya 1990, viwanda vya nguo vya Winnipeg, makao makuu ya jimbo la Manitoba nchini Kanada, vilikuwa na kazi nyingi na cherehani zisizo na watu wa kuzikalia. Mshonaji wa kiwandani hashoni koti zima. Hupewa kola peke yake, au mfuko, au mkono, akaurudia kutwa nzima, na thamani yake imo katika mshono unaonyooka kwa kasi ileile saa ya kwanza na saa ya nane. Ujuzi huo haukuwa na pa kuandikwa kwenye fomu ya uhamiaji. Tangu 1967 Kanada ilikuwa ikiwapima waombaji kwa alama za elimu, lugha, umri na kazi, na mfumo huo unastahili heshima yake, kwani uliondoa upendeleo wa rangi na asili uliokuwa umetawala kabla. Lakini alama zilipangwa Ottawa, makao ya serikali ya shirikisho, kwa nchi nzima. Mhandisi aliyezipata alikwenda Toronto. Fundi cherehani ambaye Winnipeg ilikuwa ikimlilia hakuzifikisha.

Historia ya uteuzi wa majimbo, yaani haki ya jimbo kuchagua wahamiaji wake, inaanzia kwenye pengo hilo. Wako wanaoieleza kama zawadi ya serikali ya shirikisho kwa majimbo madogo, nami sikubaliani nao. Katiba ya 1867 iliwapa wote wawili, shirikisho na majimbo, mamlaka juu ya uhamiaji, ila sheria ya shirikisho ndiyo yenye nguvu zinapogongana. Kifungu hichohicho cha 95 kinataja kilimo pamoja na uhamiaji, na si ajabu, kwa maana enzi hizo mhamiaji aliyetafutwa alikuwa mtu wa kufyeka na kulima. Haki hiyo haikutumika sana kwa miongo mingi, hadi jimbo la Quebec, lililohofia lugha yake ya Kifaransa, lilipounda wizara yake ya uhamiaji mwaka 1968. Makubaliano yalifuatana mpaka yale ya 1991, yaliyoikabidhi Quebec uchaguzi wa wahamiaji wake wa kiuchumi. Majimbo mengine yalibaki yakitazama. Sensa ya 2001 ilionyesha gharama ya kutazama: kati ya wahamiaji waliofika miaka ya 1990, asilimia 73 walikuwa wakiishi Toronto, Vancouver na Montreal.

Manitoba ilitia saini makubaliano yake ya uhamiaji na shirikisho mwaka 1996, na mwaka 1998 ikapata kipengele cha uteuzi. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Jimbo linachagua mtu na kumpa cheti cha uteuzi; Ottawa inabaki na ukaguzi wa afya, makosa ya jinai na usalama, kisha ndiyo inayotoa viza ya ukaazi wa kudumu. Nafasi za mwanzo zilikuwa 200 tu. Serikali ya Gary Filmon, ya wahafidhina, ndiyo iliyoanza. Ya Gary Doer, ya mrengo wa kushoto, ikaingia 1999 na kuupanua, jambo lisilo la kawaida katika siasa za wageni popote duniani. Jimbo lililokuwa likipokea wahamiaji wapatao 3,000 kwa mwaka lilifika zaidi ya 15,000 mwaka 2011. Namna lilivyochagua ndiyo inayonivutia kuliko idadi. Manitoba ilihesabu ndugu, rafiki na kazi iliyokwisha kupatikana jimboni kuwa sifa. Winkler na Steinbach, miji ya Wamenno, Wakristo wa jadi ya Kijerumani, ilipokea familia zenye asili katika nchi za uliokuwa Umoja wa Kisovieti, zikakuta makanisa na lugha wanazozijua. Neepawa, mji mdogo wenye kiwanda cha nyama ya nguruwe, ulivutia Wafilipino. Sensa ya 2016 iliukuta na watu 4,609, na ile ya 2021 ikaukuta na 5,685. Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, wangeuelewa mji huo mara moja: nyumba zilijengwa, na madarasa yakapata watoto.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba mteuliwa anaweza kufunga mizigo kesho yake akaenda Toronto. Ni kweli. Kanuni zinamtaka awe na nia ya kuishi katika jimbo lililomteua, lakini akishapata ukaazi wa kudumu, kifungu cha 6 cha Hati ya Haki ya 1982 kinamruhusu kuhamia popote nchini. Mimi naona ni sawa kabisa iwe hivyo, maana mtu asiyeruhusiwa kuhama ni kibarua aliyefungwa. Swali la haki ni kwa nini wengine hukaa. Tathmini ya shirikisho ya 2011 ilikuta zaidi ya asilimia 95 ya wateuliwa wa Alberta na British Columbia bado wako huko, ilhali majimbo ya Atlantiki yalibakiwa na asilimia 56. Kisiwa cha Prince Edward, mojawapo ya majimbo hayo, kinafundisha zaidi. Huko uteuzi ulifunguliwa kwa watu wa kuweka mtaji, fedha zikaingia kwenye kampuni za wenyeji, na wengi wa walioteuliwa hawakuonekana kisiwani. Njia hiyo ilifungwa 2008 kwa kelele nyingi. Aliyechaguliwa kwa sababu ya dada yake na mashine inayomsubiri ana sababu ya kukaa. Aliyechaguliwa kwa hundi hana.

Wengine husema ni mlango wa uani, unaowapita waliopanga foleni ya taifa. Foleni hiyo ilikuwa imekufa. Mwaka 2012 shirikisho lilifuta maombi ya wenye ujuzi yaliyopokelewa kabla ya 27 Februari 2008, yakiwahusu watu wapatao 280,000. Hoja ya waajiri kuwashika wafanyakazi ina ukweli zaidi. Pale uteuzi unapotegemea barua ya mwajiri, miezi kati ya barua na ukaazi ni miezi ya kunyamaza, hata saa za ziada zisipolipwa. Kasoro hiyo naiona kubwa. Hata hivyo, kibali cha muda cha kazi kisicho na uteuzi mbele yake humwacha mtu katika miezi hiyohiyo bila mwisho. Kuhusu Afrika kunyang'anywa wataalamu wake, sina jibu jepesi: fomu ya jimbo haiulizi wodi ipi imebaki bila muuguzi. Ninachoweza kusema ni kwamba njia hizi zimewafikia pia watu ambao hawakuwa na ajira ya kuacha. Majaribio ya uhamiaji yaliyoanza 2018 yaliwahusisha wakimbizi wenye ujuzi waliokuwa Kenya, wengine wakaajiriwa kuwahudumia wazee huko Nova Scotia.

Udhaifu halisi wa mfumo uko Ottawa, kwa sababu jimbo huchagua lakini idadi hupangwa na shirikisho. Mwezi Aprili 2012 Ottawa ilitangaza kurudisha mikononi mwake huduma za kuwapokea wageni zilizokuwa zikiendeshwa na Manitoba na British Columbia, na mwaka huohuo ikawawekea wateuliwa wa kazi za ujuzi mdogo mtihani wa lugha. Fundi cherehani wa 1998 asingeingia kwa urahisi baada ya hapo. Oktoba 2024, nyumba zikiwa haba na hasira za wananchi zikipanda, lengo la wateuliwa kwa nchi nzima lilishushwa kutoka 110,000 hadi 55,000 kwa mwaka 2025. Uhaba wa nyumba ulikuwa mkali zaidi Toronto na Vancouver, miji ambayo uteuzi uliundwa kuipunguzia mzigo; mkato ulipigwa sawasawa kila mahali. Mgao wa Manitoba ulitoka 9,500 hadi 4,750. Uliongezwa baadaye mwaka huo, lakini wapo waliokuwa tayari na kazi na watoto shuleni, wakihesabu wiki zilizobaki kwenye vibali vyao katika miji ambayo ilikuwa imekwisha kuwachagua.