Masasi, Rungwe na Swali la Lugha

Kanisa la Moravian, lenye chimbuko lake Herrnhut nchini Ujerumani, lilifika Rungwe mwaka 1891. Wamisionari wake walijifunza Kinyakyusa, wakahubiri na kutafsiri kwa lugha hiyo, wakiamini kuwa Injili huzama moyoni kwa lugha ya mama.

Kwetu Masasi mambo yalianza vingine. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Unguja kupitia Lindi akifuatana na watu waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwafikisha karibu na Ziwa Nyasa, lakini wakaweka makazi Masasi. Walikuwamo Wayao, Wamakua na watu wa Nyasa. Lugha ya mama yupi ingewakusanya? Iliyowakusanya ni Kiswahili cha Unguja, ambacho Steere alikuwa amekwisha kukitolea kitabu cha sarufi mwaka 1870.

Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi. Chauncy Maples akahamishia kazi Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao.

Kwa hiyo sikubali Kiswahili cha Masasi kihesabiwe kuwa zawadi ya wamisionari tu. Steere alikiandika, lakini waliokibeba vinywani kutoka pwani ni watu waliotenganishwa kwa nguvu na lugha za mama zao. Kila shairi la Kiswahili litungwalo kusini lina deni kwao, na majina ya wengi wao hatuyataji.